Msimu wa Kofia Ngumu

Tangazo lilisomwa saa mbili usiku.
Kufika saa moja asubuhi nilikuwa nimeshazishusha zote darini,
nimezifuta vumbi kwa kipande cha kanga,
nimezitundika kwenye kamba mbele ya fremu:
vichwa ishirini na tatu visivyo na watu
vikiitazama Barabara ya Kilwa.

Mimi sheria sikuisomea. Nauza.
Lakini ukitaka kujua hii mpya itaishi siku ngapi
iache redio, njoo Rangi Tatu uniulize mimi.
Ya mwaka juzi ilikata roho siku ya kumi na moja.
Iliyoitangulia ilijikongoja wiki tatu,
maana kulikuwa na ugeni mjini.
Siku ya kwanza ni foleni, hawaulizi hata bei.
Siku ya tatu wanaanza kunililia hali.
Siku ya saba: "Dada, hukodishi?"
Ya kumi utamwona mtu anapita nayo kiwikoni,
kana kwamba ubongo wake uko kiwikoni.

"Nguvu ya soda," anasema Ngonyani wa spea,
"acha povu lishuke."
Na mimi hucheka, kwa sababu ni kweli,
na kwa sababu povu ndilo linalonilipia kodi ya fremu.

Jana lori la mchanga, taa moja, matairi vipara,
lilisimamishwa pale kwenye kituo cha mafuta.
Nilihesabu: sekunde tisa.
Mkono ulishuka dirishani,
mkono ukapokewa,
mkono ukapanda, lori likaondoka likimwaga mchanga.
Pembeni vijana watatu wa bodaboda wamekalishwa chini
wakipigiwa hesabu ya faini.
Mmoja aliniona naangalia. Akainua mabega.
Nikainua yangu.

Kuna moja sikuitundika.
Ya bluu, ina stika ya simba, kioo hakina hata mkwaruzo.
Aliinunua Kondo, msimu uliopita,
elfu ishirini na tano, bila kuomba ipungue.
Siku ya kumi na mbili akarudi nayo kwapani.
"Dada Siwema, msimu umeisha. Nipe nusu yangu."
Niligeuza kioo juani. Nikabonyeza sponji.
Nikampa elfu kumi, akasema si nusu hiyo,
nikasema chukua au vaa.
Akachukua.
Alikwenda kununua viatu vya shule vya mtoto, alisema,
na mimi niliona nimefanya biashara nzuri.

Ilikuwa Jumatano. Mtoni Mtongani, pikapu iliyokatisha ghafla.
Mimi nilijua walipopita na daftari la rambirambi.
Nilichanga elfu tano,
nikaandika jina langu vizuri ili lisomeke.

Tangu hapo iko chini ya meza, ndani ya mfuko wa saruji.
Mara mbili nimetaka kuitupa.
Lakini ni nzima. Ndiyo tatizo lake, ni nzima.

Leo asubuhi kaja kijana mgeni wa kijiwe,
pikipiki bado ina nailoni kwenye siti.
Amejaribu saba, kichwa kikubwa, zote zinambana.
Mkono wangu umeingia chini ya meza kabla sijaamua.
Imemkaa.
"Hawa jamaa watakamata mpaka lini?" ameuliza,
na ameuliza mtu sahihi,
mimi ninayejua tarehe ya kifo cha kila sheria.

"Safari hii wamekaza," nimesema.
"Safari hii hawatanii kabisa."
Nimemfunga mkanda mwenyewe, chini ya kidevu,
nimeuvuta mpaka akalalamika.

Kwenye risiti nimekandamiza kalamu
hadi karatasi ya pili ikachanika:
*Mali ikishauzwa hairudishwi.*

Leo ni siku ya nne.